Umbali wa Asumini

Mjomba wangu alikuwa na bega la kushoto gumu kama kisigino. Ukilibonyeza kwa kidole, kinachoumia ni kidole. Kabla Mdachi hajaleta reli alikuwa mpagazi, akibeba pembe kutoka bara mpaka pwani na kurudi na majora ya nguo, mwaka baada ya mwaka, na pale kwetu Mgeta kila aliyetaka kujua mahali fulani ni mbali kiasi gani alikwenda kumuuliza yeye. Hakujibu kwa maili wala kwa saa. Alijibu kwa kambi, yaani mara ngapi utalala njiani. Morogoro mpaka Dar es Salaam, kambi nane; mvua ikinyesha, kumi.

Alikuwa na kipimo kingine pia, ambacho alikitoa siku akiwa na furaha tu. Katika ujana wake, kila alipoondoka pwani, alichomeka kishada cha asumini kwenye kilemba. Alikipata kwa mwanamke ambaye hakumtaja jina hata siku moja, na mama yangu, aliyekuwa dada yake wa tumbo moja, hakumuuliza.

"Kambi ya kwanza, Pugu, bado inanukia mpaka wenzako wanakuonea wivu," alisema. "Ya pili imeinamisha kichwa. Ya tatu imekuwa kahawia kama tumbaku. Mto Ruvu ukiuona, unaitupa humo, unajua sasa umeacha pwani kweli."

Utotoni mwangu sisi watu wa mlimani hatukuwahi kuiona asumini. Tulijua tu kwamba ni ua ambalo halifiki.

Nami nilikuwa nimetoka huko huko pwani. Nilikuwa nimemaliza masomo katika shule ya serikali Dar es Salaam, nikapewa kiti katika ofisi moja, nikakikalia miezi mitatu, kisha nikashindwa. Kila nikisikia honi ya meli au filimbi ya gari la moshi nilinyanyuka kama niliyeitwa. Nina umri wa miaka arobaini na kitu sasa na ugonjwa huo haujanitoka. Wakati ule, nikiwa na miaka ishirini, niliondoka ofisini bila kuaga vizuri na kurudi Mgeta na daftari, kalamu na ramani niliyoinakili mwenyewe darasani.

Nilimkuta mama katika matatizo ya shamba.

Kwetu Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na msemaji wake ni kaka mtu. Baba alikuwa amefariki zamani. Kipande ambacho mama alilima, kile cha chini ya chemchemi, alipewa na mjomba, na mjomba angeweza kukichukua na kumpa mwingine katika ukoo. Miaka yote mama alikuwa akipanda mahindi pale. Halafu mapadri wakamgawia mbegu za kabichi, njegere na saladi, zile mboga za Wazungu, akazijaribu kwenye kona, zikaota kama zimezaliwa pale. Msimu uliofuata alipanda kipande chote. Mapadri walinunua kidogo. Zilizobaki zilichanua, zikazeeka, zikaoza.

"Dada," mjomba alimwambia siku niliyorudi, hata kabla sijamaliza kunywa maji, "shamba la ukoo umelifanya la sungura."

"Sungura wako wapi, kaka? Mbona siwaoni?"

"Hata wao wameshiba."

"Dar es Salaam kuna Wazungu wengi, nao hawashibi," mama alisema. "Reli si imefika Morogoro? Nitazipeleka huko."

Mjomba alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Majani! Kambi nane! Utapeleka samadi."

Hapo ndipo nilipoingiza mdomo wangu. Nilisema kwamba gari la moshi linaondoka Morogoro mchana na usiku ule ule liko Dar es Salaam. Nilikuwa nimelipanda mwenyewe juma lile. Mjomba alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mlevi.

"Mjomba," aliniambia, kwa maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "ulilala humo ndani. Aliyelala hajui siku ngapi zimepita."

Watu wote waliokuwepo walicheka. Mimi nilikasirika, mama hakukasirika. Aliuliza tu, "Kaka, ukitaka kuamini, uone nini?"

Mjomba alifikiri sana. Nadhani alitaka kutaja kitu kisichowezekana, lakini alikuwa mtu wa haki. "Asumini," alisema. "Zipeleke mboga zako zifike hai. Huyu msomi aniletee asumini nyeupe. Nyeupe, inayonukia, si tumbaku. Nitaisubiri pale pale linaposimama gari lenu. Ikija, shamba ni lako na mboga zako. Mvua za kupanda zikianza kabla haijaja, narudisha mahindi, na atakayelima si wewe."

Mvua za kupanda zilikuwa zimebakiza majuma matatu.

Usidhani nilikuwa na wasiwasi. Nilikunjua ramani yangu juu ya mkeka, nikachukua uzi wa kushonea wa mama, nikauvuta kutoka Mgeta hadi Morogoro, nikaupima. Kidogo sana! Nikafanya hesabu kama nilivyofundishwa, mwendo wa mtu kwa saa, nikamwambia mama: tukiondoka jua likichomoza, saa nne asubuhi tuko stesheni, gari linaondoka saa saba. Tutakuwa na muda wa kupumzika kivulini.

Mama aliutazama ule uzi. "Umepita wapi huu?"

"Umenyooka moja kwa moja."

"Aa," alisema, na kwa sababu nilikuwa mwanawe na nimesoma, hakusema zaidi.

Ilikuwa lazima tufike siku ile ile tuliyochuma. Ukizilaza mboga mjini, joto la Morogoro linazimaliza. Tukachuma alfajiri, tukajaza matenga mawili, yeye lake kichwani na mimi langu, tukaondoka. Mimi mtu niliyezaliwa milimani, niliyepanda na kushuka njia ile tangu utotoni, nilikuwa nimesahau kwamba karatasi haina mabonde. Shule ilikuwa imenisahaulisha kitu ambacho miguu yangu ilikijua. Tulishuka mpaka mtoni, tukapanda, tukashuka mpaka mto mwingine, tukapanda. Saa nne tulikuwa hatujafika hata nusu. Tulipofika mgongo wa mwisho wa milima, ule ambao kutoka juu yake unaiona Morogoro yote chini pamoja na mstari wa reli, tulisikia filimbi. Moshi ukaanza kusogea kuelekea Kingolwira, upande wa pwani, polepole, kama vile unatungoja. Haukutungoja. Na gari siku zile halikuwa la kila siku.

Tulikaa juu ya jiwe. Hondohondo wawili walipita juu yetu kwa kelele zao, wakitoka upande wa Mgeta, mabawa yakivuma. Waliivuka milima yote ile tuliyoihangaikia tangu alfajiri na kushuka upande wa pili bila hata kutokwa na jasho.

"Wale ndio wamepita kwenye uzi wako," mama alisema.

Mbuzi wa mjini walikula saladi. Kabichi tuligawa. Tuliporudi, mjomba alikuwa ameketi mlangoni, na habari ilikuwa imefika kabla yetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Asumini yangu iko wapi?"

Nilishusha tenga tupu chini.

"Umepima njia ya hondohondo," alisema. "Siku nyingine upime ya mtu." Kisha akaniongezea, kwa upole ulioniuma zaidi, "Pole lakini."

Siku mbili nilikuwa nafikiria kurudi pwani, au popote pale. Ni mama aliyeona njia, na hakuiona kwenye ramani.

Kwetu mtu akiugua sana humweka kwenye machela, kitanda cha miti miwili na kamba katikati, na kumpeleka kwa mganga au hospitali. Wanaombeba hawaendi naye mpaka mwisho. Wanambeba mpaka mto wao, pale mgongo wao unapoishia. Hapo wanapiga yowe, na watu wa mgongo wa pili, wakiwa shambani au wakila, wanaacha kila kitu na kuja kumpokea. Hivyo hivyo mpaka mjini. Hakuna anayekataa, maana hajui kesho nani atakuwa kwenye machela. Mgonjwa hafiki kwa mwendo wa mtu aliyechoka. Kila mto anapata mabega mapya.

"Mgonjwa wetu ni saladi," mama alisema.

"Watu watakubali kubeba saladi?"

"Watu, sijui. Wanawake watakubali."

Alitembea siku nne, mgongo hadi mgongo, akiongea na wanawake. Sikwenda naye, kwa hiyo sijui maneno yote. Ninachojua ni kwamba kila nyumba iliyotoa mabega iliahidiwa miche na mbegu, na nafasi ya kuweka mboga zake kwenye machela hiyo hiyo misimu ijayo. Hata kwetu nyumbani kulikuwa na foleni ya kina mama waliokuja kuzitazama kabichi kama watu wanaochagua mchumba. Mama alitengeneza pia kitu cha kuzuia joto. Alikwangua kuvumwani, ule mmea laini wa kijani unaoota juu ya mawe ya mtoni na kushika maji kama sifongo, akatandika matenga ndani kwa huo. Ukiingiza mkono ulipata baridi ya mtoni.

Kosa letu lilikuwa moja: wanawake walipanga kila kitu, na wengi wao hawakuwaambia waume zao.

Siku ya safari, mbingu zilikuwa zimeanza kuwa nzito upande wa kusini. Lilikuwa gari la mwisho ambalo tungeweza kuliwahi kabla ya mvua. Tulilaza matenga matatu kwenye machela, tukafunika kwa kaniki iliyoloweshwa, tukaondoka. Mjomba alikuja na fimbo yake na kifurushi kidogo. Alisema anakwenda kuisubiri asumini yake stesheni. Mtu mmoja alipotaka kumpokea kifurushi, alimkazia macho. "Mimi sibadilishi bega."

Mto wa kwanza, vizuri. Wa pili, vizuri. Wa tatu yowe lilipopigwa walikuja wanaume, tena mbio, majembe wameyatupa, na mbele yao mzee mmoja aliyevua kofia yake alipoiona ile kaniki imefunika mpaka juu.

"Poleni. Poleni sana jamani. Ni nani?"

"Shikamoo, baba," mama alisema. "Si mtu."

Mzee alishika kifua. "Ameshafariki? Inna lillahi..."

"Hapana, baba. Ni kabichi."

Wanaume walitazamana. Maji tu yaliendelea kusema. Bibi mmoja aliyekuwa amechelewa alifika akihema, kibuyu mkononi. "Nimemletea mgonjwa uji! Anaweza kumeza?"

"Hawezi, bibi," kijana mmoja alimjibu, akiwa ameshainua pembe ya kaniki. "Ni majani matupu."

"Masikini, amekonda hivyo?"

Mzee ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe. Nilimwona mkewe nyuma ya wanaume, khanga amejibana mdomoni, akimtazama mama. Mzee alijifuta machozi, akavaa kofia, akasema, "Nimeshaacha jembe langu. Nirudi nikawaambie watu nimekimbilia nini? Inueni!" Wakainua. Uji tuliunywa sisi wazima, tukitembea.

Habari ile ilitutangulia kwa yowe kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, haraka kuliko sisi. Mto wa nne walitungoja wakipiga makofi. "Mgonjwa anaendeleaje?" "Amepata nafuu!" "Anatapika?" "Anatoa maji tu!" Kila kundi lilitaka kufika mto wake haraka kuliko kundi lililopita, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Walikimbia, wakabadilishana, wakatukanana kwa furaha. Mimi sikubeba kitu na bado nilibaki nyuma. Mjomba aliyekataa kubadilisha bega alikuwa hatua thelathini mbele yangu, fimbo yake ikigonga mawe, na kila tulipopita mgongo nilimwona anatazama jua, anatazama machela, anatazama jua.

Kutoka mgongo wa mwisho niliiona stesheni. Moshi ulikuwa umesimama wima. Gari lilikuwepo.

Sina mengi ya kusema juu ya safari ya kushuka pwani, isipokuwa kwamba niliketi karibu na matenga na kuyanyunyizia maji kama mtu anayemuuguza mtoto. Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, nilikuwa mlango wa nyuma wa hoteli moja ya Wazungu. Mpishi mkuu alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kiburi cha kazi yake. Alichukua jani moja la saladi, akalipeleka karibu na sikio, akalivunja, akasikiliza.

"Bustani gani hii ya hapa mjini?"

"Si ya hapa. Mgeta."

"Mgeta ipi?"

"Uluguru, nyuma ya Morogoro."

"Kijana, nimeanza kupika wewe hujazaliwa. Usinichezee."

Nikaingiza mkono wake ndani ya tenga, chini, kwenye kuvumwani. Uso wake ulibadilika. Alibaki hivyo, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, kama mtu aliyekanyaga mto wa kwao. Kisha alitoa mkono, akaita watu wake wachukue mboga zote za matenga matatu, akaniambia niwe naleta kila gari linaposhuka, bila kukosa.

Kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa imefanyika. Iliyobaki ilikuwa nyepesi kuliko zote, nayo ndiyo iliyoninyima raha.

Bibi niliyepanga nyumbani kwake nilipokuwa mwanafunzi alikuwa na mti wa asumini uani. Nilimwomba, naye alfajiri ya siku ya kurudi alinichumia mwenyewe, umande ungali juu ya maua, akayatunga kwenye uzi.

"Mchumba anatoka wapi?"

"Ni za mjomba wangu, bibi."

"Makubwa!" alisema akicheka. "Na huyo mjomba ana miaka mingapi?"

Nilimweleza. Aliacha kucheka. Akaongeza kishada cha pili.

Niliviweka ndani ya tenga tupu, katikati ya kuvumwani ileile iliyoleta saladi, nikafunika kwa jani la mgomba. Gari liliondoka. Pugu tuliipita nikiwa bado nasikia chai ya asubuhi tumboni. Ruvu, pale alipozitupa mjomba miaka yote ile, nilifunua jani kidogo. Nyeupe. Nilitaka kumwonyesha abiria wa pembeni, nikaona atanifikiria vibaya.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Kingolwira. Hapo, kituo kimoja tu kabla ya Morogoro, gari lilisimama kupakia kuni, na watu wa kuni hawakuwepo. Abiria walishuka kunyoosha miguu. Jua lilikuwa la alasiri, lile la kuchoma. Nilifunua tena: ua moja la pembeni lilikuwa limeanza kupata mstari wa kahawia ukingoni. Nilimwachia mama mmoja tenga langu, nikavua kanzu, nikaanza kubeba magogo. Dereva wa gari alinishangaa. Halafu mtu mmoja akanifuata, na mwingine, pengine kwa kuona aibu. Nilibeba kwa bega la kushoto. Nilijua siku ile kwa nini bega la mjomba lilikuwa vile.

Tulipoingia Morogoro niliwaona tangu mbali. Mjomba alikuwa ameketi juu ya kifurushi chake, fimbo mkononi, mgongo umenyooka. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, na nyuma ya mama wanawake wa migongo mitano sita, ambao walikuwa wamelala kwa jamaa zao mjini ili tu wasikose.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alinyoosha mkono.

Nilifunua jani. Harufu ilitoka kabla ya ua kuonekana, na wanawake wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Mjomba aliishika kwa ncha za vidole. Aliigeuza, akalitazama lile ua moja lenye ukingo wa kahawia, akalitoa, akalitupa. Yaliyobaki aliyapeleka puani na kufumba macho. Sijui alikuwa wapi wakati ule. Hakuwa Morogoro.

"Imechumwa lini?"

"Leo."

"Leo ipi?"

"Leo hii, mjomba. Alfajiri. Haijalala hata mara moja."

"Ruvu umepita?"

"Kabla ya adhuhuri."

Alianza kuhesabu kambi kwa vidole, kwa sauti ya chini, kama alivyofanya kila mara. Alifika kidole cha tatu, akaacha. Alikunja mkono. Kisha alimgeukia mama, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeongea habari za kazi.

"Dada, na lile la juu ya chemchemi, ambalo limekaa bure. Utaliweza peke yako, au nikutafutie watu?"

"Ninao watu," mama alisema.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilimtoa karani wa stesheni ofisini kwake. Mjomba alikata uzi kwa meno, akampa mama kishada kimoja, na kingine akakichomeka kwenye kofia yake.

Tulipanda mlima asubuhi iliyofuata, na mvua za kupanda zilitukuta mto wa pili. Wakati huo asumini ilikuwa imeshakuwa tumbaku. Hakuivua. Kila mgongo watu walitoka kuiona, na kila mgongo alisimama kwenye mvua akiwaeleza. "Jana ilikuwa nyeupe," aliwaambia. "Msiniulize mimi. Muulizeni dada yangu, ameivaa."

Na mama, ambaye alikuwa mbele na machela tupu begani, alikuwa akijibu bila kugeuka: "Nyeupe kabisa! Leteni mabega, gari linarudi Alhamisi!"